Mkono wa Kushoto

Kabla ya kila bronkoskopi mimi hufanya makubaliano na mgonjwa. Mrija wenye kamera ukishapita kooni kuelekea mapafuni, kuongea hakuna. Kwa hivyo namwambia, "Ukizidiwa, inua mkono wa kushoto." Wa kulia una kile kibanio cha kupima oksijeni kidoleni.

Mzee yule alikuwa amestaafu udereva wa matatu, miaka 71, anakohoa damu. Alicheka. "Kama abiria akisimamisha mat. Sawa, sista."

Tulimpulizia lignokeini kooni. Alikunja uso, ile dawa ni chungu, tuseme tu ukweli. Kisha midazolamu kwa mshipa, kidogo kidogo. Unampa miligramu 1, unangoja, unamwangalia usoni, ndipo uamue kama utaongeza. Kwa mtu wa umri wake huendi mbio, maana dawa inayomtuliza ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumpunguzia pumzi. Wengi hudhani tunawalaza kabisa kama wa upasuaji. Hapana. Ukimwita jina, afungue macho.

Oksijeni ilisoma 95. Daktari akaanza kukata vipande vidogo vya kupeleka maabara. Mzee akakohoa, mwili ukakazana, mkono wa kushoto ukapanda.

"Daktari, ameinua mkono."

"Nimebakisha kipande kimoja tu. Na hatakumbuka."

Ilikuwa kweli. Midazolamu hufuta kumbukumbu, na wagonjwa wengi huishukuru kwa hilo. Oksijeni ilikuwa 92, kwa hivyo sikuwa hata na namba ya kumtetea nayo. Ningeweza kusema tusimame, tuongeze lignokeini, tumpe dakika moja. Sikusema. Niliushika ule mkono nikaushusha polepole hadi kitandani.

Kwa nini niliushusha? Kuushika kungetosha.

Baadaye nilimkuta ameketi, anaulizia chai. Nikamwambia bado, koo likiwa na ganzi chai itapitia njia mbaya. Binti yake alikuwa amefika kumpeleka nyumbani.

"Asante sana, sista. Nililala tu. Sikuhisi kitu."

Nikasema, "Karibu, mzee," nikajifanya nina fomu za kujaza.

Siku hizi makubaliano ni ya watu watatu. Nayasema kwa sauti, daktari akiwa amesimama hapo, kabla ya dawa yoyote kuingia: mkono ukipanda, kamera inasimama. Mara ya kwanza, yule daktari aliniangalia juu ya barakoa kwa muda mrefu kidogo. Kisha akamgeukia mgonjwa.

"Wa kushoto," akasema.