Kidonge Kinachopima Mwendo

Wengi wanaochukua dawa za presha kwenye dirisha langu wanaijua nifedipini. Haipatani na maji hata kidogo: miligramu 30 ingehitaji lita kadhaa ili iyeyuke yote, na tumbo la binadamu halina maji hayo.

Mtu angedhani dawa kama hiyo haina haja ya kucheleweshwa, kwa kuwa imechelewa yenyewe. Sivyo. Ikiachwa ilivyo, leo mwili utapata nyingi, kesho kidogo, nyingine ipite bure. Kwa hiyo iliyeyushwa kwanza katika kimiminika ndani ya kapsuli laini, nayo ikawa kali: presha ikashuka ghafla, moyo ukaenda mbio. Madaktari waliitoboa na kumdondoshea mgonjwa chini ya ulimi, kwa nia njema kabisa, hadi taarifa za kiharusi na mshtuko wa moyo zikarundikana. Mwaka 1996, makala katika jarida la JAMA la Marekani ilitaka mtindo huo ukome.

Wakati huo kidonge bora kilikuwepo tayari. Kina utando unaopitisha maji, na ndani tabaka mbili: moja ya dawa, nyingine ya kitu kinachovimba kikilowa. Kikivimba, huisukuma dawa itoke kama uji mwepesi kupitia kitundu kilichotobolewa kwa leza, kwa mwendo uleule, mchana na usiku. Ganda hutoka chooni. Mama mmoja aliniletea lake kwenye karatasi: "Mwanangu, dawa imetoka kama ilivyoingia." Nilimshika mkono tukasogea kwenye mwanga, nikamwonyesha kile kitundu. Kukitwanga kidonge hicho ni kummiminia mtu dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Kumbe kuna kuchelewa kwa kushindwa na kuna utaratibu uliopangwa, na kwa mbali vinafanana. Mwanafunzi wa mazoezi aliyekwama nampa msaada, simsifu kwa subira. Anayesoma cheti cha daktari mara mbili namwacha asome, hata foleni ikifika barabarani.

Na mgonjwa aliyeambiwa asubuhi hiyo kwamba dawa hizi ni za maisha, simmwagii yote. Siku ya kwanza namweleza kumeza tu: kidonge kizima, kwa maji, saa ileile kila siku. Habari ya chumvi, uzito na sigara tutaizungumza akirudi, na ninamwandikia tarehe ya kurudi.