Safari ya Gari-Nyumba na T ya Meno

Nianze na jina la chombo chenyewe, maana katika ukumbi huu jina haliachwi lipite bila kukaguliwa. Mwezi wa Juni binti yetu, ambaye ni muuguzi huko Ujerumani, alitutumia picha ya wazee wa rika letu, mume na mke, wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya mto. Nyuma yao limesimama gari kubwa jeupe lenye madirisha na mapazia. Alieleza kwamba huko wastaafu wengi hutembea hivyo majira ya joto, wakila na kulala garini wiki mbili, tatu. Kisha akauliza: Baba, kwa Kiswahili chombo hiki huitwaje?

Nikajibu upesi, kama afanyavyo mwalimu asiyetaka kuonekana amekwama, kwamba huitwa gari-nyumba. Baadaye nikapima jibu langu nikaliona halina ubaya. Punda milia ni punda kwanza, milia baadaye. Vivyo hivyo gari-nyumba ni gari kwanza. Mke wangu alikuwa akichambua kunde. Akasema bila kuinua uso, "Hilo ni jahazi tu. Mabaharia hupika humo, hulala humo." Nikamwambia jahazi ni chombo cha baharini. Akanyamaza. Naomba uukumbuke unyamavu huo.

Mimi ni mzaliwa wa Mumias. Nilisomea ualimu katika chuo cha Kagumo, nikafundisha Kiswahili katika shule za upili tangu 1981 hadi nilipofikisha miaka 60 na kustaafu, mwaka wa 2018. Mke wangu ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Tuna miaka zaidi ya arubaini katika ndoa, na karibu yote tumeiishi bara, katika nyumba za walimu.

Picha ile haikututoka akilini. Mwezi wa Julai tukanunua gari la shule lililokuwa limechoka, la abiria kumi na wanne, ambalo chini ya rangi mpya herufi za jina la shule husomeka bado jua likilipiga ubavuni. Fundi seremala aling'oa viti, akajenga kitanda chenye masanduku chini yake na meza ya kukunja iliyoshikwa na bawaba. Tukaweka mtungi wa gesi wa kilo 6, madumu manne ya maji, chandarua na taa ya sola. Choo hatukuweka, na kwa hilo tulitegemea vituo vya mafuta na hisani ya watu. Mke wangu akashona mapazia ya leso, leso zake mwenyewe.

Tukaondoka Agosti. Kwa Wajerumani hayo ni majira ya joto, lakini kwetu Mau Summit tulipopapita asubuhi palikuwa na baridi ya kutetemesha meno, na pwani huo ndio mwisho wa kipupwe, wakati kusi ingali inavuma. Waandishi wetu wakitafsiri majira hayo ya Ulaya kwa neno kiangazi, mimi huguna. Kiangazi chetu kina kazi yake nyingine. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Njia hiyo ya Nakuru na Nairobi sitaieleza sana; malori ni mengi na mimi sipiti kilomita sitini kwa saa. Polisi wa barabarani walitusimamisha mara saba. Swali lilikuwa moja: "Mzee, abiria wako wapi?" Nami nilikuwa nikijibu kwa ukamilifu, kwamba hili si gari la abiria bali ni gari-nyumba, na nikaona nyuso zao zikizidi kukunjamana kila nilipozidi kueleza. Usiku wa pili tulilala Mtito Andei, nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa, katika uwanja wa kituo cha mafuta ambapo mlinzi alitukaribisha chai yake. Mibuyu ilikuwa imeanza kuonekana. Mke wangu alikaa mlangoni hadi usiku akiitazama mmoja kama mtu aliyeonana na jamaa.

Tulipofika Mazeras nilimwonyesha njia ya Rabai. Huko ndiko alikoishi Ludwig Krapf kuanzia 1846, na kamusi yake, iliyotoka 1882 yeye akiwa ameshafariki, imejaa Kiswahili cha Mombasa. Nikaendelea kumweleza, kama kwamba hajui kwao, kuwa kikao kilichochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu kilifanyika Mombasa hiyo hiyo mwaka wa 1928, na miaka miwili baadaye ikaundwa kamati ya kukisimamia. "Yaani waliwakatia hukumu nyumbani kwenu," nikasema, nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa akitafuta kwenye simu nambari ya dada yake.

Dada mkubwa wa mke wangu, mwenye umri uliopita miaka themanini, aliolewa Takaungu, mji mkongwe kusini ya Kilifi ambako Wamazrui walihamia baada ya kushindwa Mombasa mwaka wa 1837. Tuliegesha gari letu uani kwake, chini ya mwarobaini. Alinipokea kwa heshima kubwa. "Karibu, shemeji. Habari ya safari? Poleni na uchovu." Sentensi zake zilikuwa fupi na zilizonyooka, kila silabi mahali pake. Nikafikiri: mwanamke huyu ana Kiswahili kizuri. Naona haya kuandika kwamba nilifurahi.

Usiku wa pili pale tulikula wali na samaki wa kupaka, nami nikaingia garini kulala mapema. Joto lilikuwa jingi, madirisha nikayaacha wazi, pazia tu ndilo lililokuwa kati yangu na ua. Wao walitandika mkeka karibu na tairi la nyuma. Gari-nyumba halina kuta za kusitiri maneno. Kila kitu kilinifikia.

"Mwamu yuwalala?" akauliza dada.

"Yuwalala. Ametoshwa na ndia."

Nilifumbua macho. Mwamu ni shemeji. Neno hilo sikuwahi kuitwa nalo usoni na mtu yeyote wa ukoo huo.

"Na weye, mbona juzi ulipokuja ukaninenea kama redio?"

"Ndivyo ninenavyo siku hizi."

"Na mumeo?"

"Yeye ndiye redio yenyewe."

Wakateka. Naandika wakateka kwa sababu ndivyo walivyofanya. Kule si kucheka. Nami kitandani nikacheka kimoyomoyo, nikidhani mambo yataishia katika mzaha huo. Sauti ya mke wangu ilikuwa imebadilika. Ilikwenda kasi, ikapanda na kushuka, ikaingia mato na kitwa na nti na mtuzi, na ile t ambayo ulimi huigusisha meno, tofauti kabisa na t ya tatu na tano. Nilikuwa nimeifundisha tofauti hiyo ubaoni kwa miaka mingi. Sikujua kwamba ninayo nyumbani.

Kisha wakaanza kumzungumza mama yao. Mama mkwe alikuja kututembelea mara moja tu, mwaka wa 1986, akakaa wiki mbili katika nyumba yetu ya shule. Mimi nilimjua kama mwanamke mpole wa maneno machache. Nimemsifu hivyo mbele za watu, hata katika hitima yake. Usiku ule nikamsikia mke wangu akimwambia dada yake kwamba mama hakunena wiki zile mbili kwa kuchelea kukosea mbele ya mwalimu. Nilipokuwa darasani walizungumza. Nikibisha hodi, mama hunyamaza.

"Mama yetu!" akasema dada. "Aliyekuwa akinyamazisha Kibokoni nzima?"

Hawakuteka tena. Nikalala chali nikitazama dari ya bati hadi adhana ya alfajiri.

Najua nilipoanzia. Ilikuwa 1983, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, nami nimewaalika walimu wenzangu kwa chakula. Sinia lilipoiva, mke wangu akatoka akasema kwa uchangamfu wote wa kwao, "Ndooni mule!" Mmoja wa wageni akauliza ni ndoo ipi tuingie, wakaangua kicheko. Badala ya kuwaambia wageni wangu kwamba mahali tunaposema njoo, njia na njaa, Mvita husema ndoo, ndia na ndaa, nilimgeukia mke wangu nikatabasamu, nikasema, "Sema njooni mle, mama." Alitabasamu pia. Sikumbuki kumsikia tena akisema ndoo ila ya kutekea maji.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima, nasi walimu wake tukapata cheo tusichokuwa nacho. Kalamu yangu nyekundu ilinenepa. Aliwahi kuhamia shuleni kwetu kijana wa pwani aliyeandika mato katika insha, nikalizungushia duara na kumkata alama. Juma lilo hilo nikafundisha uhuru wa mshairi: inkisari, mazida, tabdila, matumizi ya lahaja. Nikawasifia Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki 1840, jinsi Kimvita kilivyo kitamu kinywani mwake. Mwanafunzi aliyeandika kwamba mshairi ametumia mato badala ya macho alipata alama moja. Kijana yule alinitazama tu. Marehemu alikuwa na ruhusa ya kusema kama alivyozaliwa, na yeye aliye hai mbele yangu hakuwa nayo.

Sisemi Kiswahili sanifu kilikuwa kosa. Mimi mtoto wa Mumias, ambaye nyumbani nilinena Kiluhya, ningeingiaje katika lugha hii bila mlango mmoja uliofunguliwa kwa wote? Mkate wangu wote umetoka humo, na karo za watoto wangu. Lakini karatasi za mtihani zilikuwa shuleni. Mezani pangu hapakuwa na mtihani, nami niliusimamia hapo hapo, watoto wetu wanne wakikua bila kujua kwamba mama yao ana sauti nyingine. Binti aliyeniuliza jina la gari hajui mato ni nini. Ningemwuliza angesema ni wingi wa mto aliokosea.

Asubuhi tuliagana na dada. "Safari njema, shemeji," akasema, akiwa amerudi katika ile sauti yake ya kupimwa. Nilitamani kumwambia aniite mwamu. Sikuweza, maana ningejiumbua kwamba nilisikiliza.

Mke wangu nilimwambia barabarani, kabla ya daraja la Kilifi. Nikasema usiku sikulala.

Akatazama mbele. "Ulisikia yote?"

"Ya mama pia. Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ungenisahihisha," akasema.

Tukavuka daraja. Chini maji ya mkono wa bahari yalikuwa mazito na ya buluu, na mitumbwi miwili mitatu. Hakuna aliyesema neno hadi Gede, ambapo tulisimama chini ya mti tukanunua madafu. Alinipa la kwanza, kama kawaida yake. Nikamwomba radhi, kwa maneno machache. Hakusema amesamehe. Alisema, "Miaka arubaini, Mwalimu," akanywa dafu lake. Hilo nimeliacha kama lilivyo. Si langu kulikamilisha.

Baada ya Gede nilijaribu. Nikasema, "Mato."

"Hiyo ni t ya redio."

"Mato."

"Ulimi mbele. Gusisha meno. Mbona wanafunzi uliwafundisha?"

Nilijaribu hadi Malindi. Alinikata alama zote, na mara mbili aliteka hasa, akishika leso kinywani. Meno yangu ya mbele mawili ni ya kubandika, nikajitetea kwa hilo, akakataa utetezi.

Mbele ya daraja la mto Sabaki kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari kijana, kwa lafudhi nikamkisia ni mtu wa kwetu magharibi, akainama dirishani kwa upande wa mke wangu, akachungulia mapazia ya leso, mtungi wa gesi na chandarua kilichofungwa fundo.

"Mama, hii mmebeba nini?"

Nilikuwa nimeshafumbua kinywa kueleza habari ya gari-nyumba. Mke wangu akatangulia, kwa sauti ile ya uani Takaungu.

"Ni jahazi, mwanangu. Ndoo uone."

Askari akatazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya madumu. "Ndoo gani, mama?"

Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikanyamaza.