Mzee haoni vizuri, lakini kabureta anaiseti kwa masikio

Tangu niposti zile picha za Uskoti, DM zimejaa. "Kaka umetoboa", "hiyo ndinga bei gani", mmoja kaniomba hadi ada ya chuo. Niliweke wazi: ndinga si yangu. Ni ya Mzee, jirani yangu hapa Reading, Uingereza, na naandika leo kwa sababu kuna watu wameanza kunitazama kwa jicho la pembeni kwa ajili yake.

Ni MGB ya 1966, nyekundu, ya wazi, viti viwili. Zilitengenezwa Abingdon, chini ya saa moja kutoka kwetu, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano. Kwa hiyo sio adimu kihivyo. Injini cc 1798, yaani hata Noah inaizidi. Hili lilikuwa gari la kijana mwenye ajira ya kawaida anayetaka kumpeleka mchumba baharini Jumapili, na ndivyo Mzee alivyolitumia. Mchumba akawa mke, mke akafariki, gari likabaki gereji limefunikwa shuka.

Mimi nimekulia Tanga kwenye gereji bubu ya mjomba, chini ya Land Rover 109. Nilimuomba Mzee nifungue boneti tu, niangalie. Jumamosi zangu za miaka miwili zikaishia hapo.

Kutu, acha kabisa! MGB haina chesisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi inajibeba yenyewe, na mzigo mkubwa uko kwenye vyuma vya chini ya milango. Vyetu vilikuwa biskuti. Ukivikata kichwakichwa gari linalegea katikati, mlango haufungi tena. Tukachomelea kwanza bomba la chuma kukingama uwazi wa mlango, ndio tukakata, upande mmoja kwanza. Umeme nao una vituko vyake: betri mbili za volti 6 zimejificha nyuma ya viti, na chanya ndiyo inafungwa kwenye bodi. Funga redio ya kisasa bila kujua hilo uone.

Sasa, macho ya Mzee yanakwenda. Ugonjwa unakula katikati, anaona pembeni tu. Hapa sheria inataka uweze kusoma namba ya gari lililo mita 20 mbele yako. Alishindwa, akarudisha leseni mwenyewe, hakusubiri kuambiwa. Kwa hiyo kazi ya kuona ilikuwa yangu. Ikafika siku ya kabureta. Ziko mbili, aina ya SU, na lazima zivute hewa sawasawa. Mimi tayari nilikuwa mtandaoni natafuta kifaa cha kupimia. Mzee akachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza. Akahamia ya pili. "Kidogo kushoto, kijana. Kidogo tena. Hapo." Injini ikatulia kama cherehani. Nikafunga simu yangu kimya kimya.

Safari ilikuwa ni ile aliyokuwa akiiahirisha na mkewe: North Coast 500, njia inayozunguka kaskazini mwa Uskoti, inaanzia Inverness na kuishia hapo hapo, kama kilomita 830. Tulipopanda Bealach na Bà kwenda Applecross (mita 626 juu, barabara ya gari moja, kona zinakurudisha ulikotoka) mvua ikatukuta. Turubai la gari hili halina kitufe. Unaunganisha vyuma, unatandaza, unabana vifungo, na mpaka umalize umeshalowa. Tukaliacha, tukavaa makoti.

Juu kabisa Mzee akasema, "Nieleze unaona nini."

"Ukungu mtupu, Mzee. Bahari sioni, bonde sioni."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi leo tuko sawa." Tukakaa pale injini ikiunguruma, yeye akisikiliza. Baadaye akaniambia silinda moja inakosa. Tukaangalia chini, kweli, plagi.

Tuliporudi akasema anataka kadi ya gari iandikwe jina langu. Ndipo binti yake akanipigia. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Ulikuwa unakuja kwa baba au kwa gari?"

Wabongo wa huku wamegawanyika. Wengine wanasema zawadi haikataliwi. Dada mmoja, wengi mnamjua, simtaji, kaniambia: mzee mzungu haoni, kijana mweusi, kadi imebadilishwa jina, hiyo hadithi polisi wataisoma vipi? Mdogo wangu, fikiria. Sikulala.

Nimemwambia Mzee kadi ibaki kwake. Kanuna siku mbili. Mngekuwa nyie mngechukua? Semeni ukweli.

Binti anakuja Jumapili. Mzee kanituma petroli ya E5, maana hii E10 ya siku hizi inakula mipira ya magari ya zamani. Viti ni viwili, na kashapanga: mimi nitaendesha, binti atakaa kushoto kwangu, yeye atabaki getini asikilize.