Gari la Safari Yako

Miongoni mwa neema alizotufungulia Mwenyezi Mungu katika zama hizi ni vipando. Wazee wetu hapa Saadani walikwenda bara kwa miguu, mizigo vichwani; sisi twakaa kitako na kubebwa. Lakini kila neema ina mtihani wake, na mtihani wa kipando ni huu: mwenye kukinunua, anakinunua kwa haja yake au kwa macho ya watu?

Jambo hili lilitufikia nyumbani kwetu. Nilikuwa na akiba ya miaka kadhaa, nayo ilitosha gari moja tu, tena lililokwisha tumika. Mbele yetu yakasimama mawili. La kwanza ni Toyota ya petroli, gari dogo lenye buti, kama yale yaliyojaa Dar es Salaam. La pili ni Nissan Leaf, gari fupi la umeme, ambalo nyuma yake hufunguka mlango mzima. Mwanangu akaaye Dar es Salaam alilitaka hili la umeme. "Baba," aliniambia, "dunia inahama kwenye petroli. Mbona wewe wataka kubaki nyuma?"

Hoja zake hazikuwa za kitoto. Gari la petroli la kiasi kile hunywa kama lita 8 kwa kilomita 100, na sote twakumbuka mwaka 2022 bei ya lita moja ilipovuka shilingi 3,000. Kwa bei ile, kilomita 100 ni zaidi ya shilingi 24,000. Gari la umeme hutumia kama uniti 20 kwa mwendo huo huo, na uniti moja ya nyumbani haifiki shilingi 400. Basi jumla yake haifiki 8,000. Tena halina moshi wala oili ya injini ya kubadilisha. Petroli yetu hutoka ng'ambo kwa meli, na umeme twauzalisha wenyewe: bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, limejengwa kwa megawati 2,115. Mtu akikuambia kuwa kupunguza gharama na moshi ni katika kuacha israfu, utampinga vipi?

Lakini mama watoto, aliyekuwa akichagua mchele na kutusikiliza, akauliza neno moja: "Saa nane za usiku mke wa jirani akishikwa na uchungu, na mkunga akasema huyu hana budi kupasuliwa, gari hilo litamfikisha?"

Hapo ndipo penye maneno. Leaf za mwanzo, zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2010, zina betri ya kilowati-saa 24, na zilipokuwa mpya kipimo cha Marekani kilizipa kilomita 117. Hizo ni mpya. Betri huchakaa, na joto huizidishia, nayo betri ya gari hili haipozwi kwa maji kama ipozwavyo injini. Mwaka 2012 wenye magari haya katika joto la Arizona, Marekani, walilalamika kuwa betri zao zachoka upesi, hata kampuni ikaongeza dhamana yake. Na sisi, kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa njia ya Mandera na Chalinze ni kama kilomita 200. Kulijaza gari umeme kwa soketi ya nyumbani ni kazi ya usiku kucha, na umeme ukikatika usiku huo, asubuhi gari limelala. Petroli hutiwa hata kwa dumu.

Kijiji chetu kimekwisha ona jambo kama hili. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society, aliyezoea magari ya kukokotwa na ng'ombe huko kusini mwa Afrika, aliijaribu njia ya kutoka Saadani kwenda Mpwapwa akiwa na ng'ombe wachache, akaridhika kwamba magari yatapita. Mwaka 1877 magari yakaletwa. Ng'ombe wakafa njiani, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Magari yale hayakuwa mabovu, kwani kule yalikotoka yalifanya kazi yake. Tatizo ni kuwa yalichaguliwa kwa safari ya nchi nyingine.

Basi, ndugu msomaji, swali si gari gani ni la kisasa. Pima gari kwa safari iliyo nzito kuliko zote utakazotakiwa kwenda, wala usisahau kuwa katika kijiji safari hiyo huenda isiwe yako. Mjini mtu hununua gari likawa lake. Kwetu, ukiwa na gari umeingia katika haki ya jirani. Mlango wako utagongwa usiku, na huwezi kumwambia mgonjwa angoje betri ijae. Nafuu ya shilingi 16,000 kwa kila kilomita 100 si kitu kidogo kwa mtu wa akiba kama yangu. Lakini roho ya mtu haiwekwi katika hesabu hiyo.

Tulichukua la petroli. Nalo lina aibu zake: ni la chini, na wakati wa masika hugusa tumbo barabarani, hata nikashuka mara nyingi kuomba mikono ya vijana.

Mwanangu naye sikumzuia. Kutoka Tegeta hadi Kariakoo na kurudi hakufiki kilomita 60, na nyumbani kwake gari hulala penye umeme. Kwake yeye gari lile ndilo la haja. Nilimwusia jambo moja tu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya fungu, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu nafaka iliyolowa ili watu waione, kisha akamkana kila mwenye kughushi. Gari la umeme lililotumika ni fungu hilo hilo: rangi yang'aa juu, na yaliyolowa yamo chini. Katika Leaf pana kipimo cha vipande 12 kionyeshacho uzima wa betri. Mnunuzi na akitazame, akaliendeshe gari masafa kabla ya kutoa fedha. Na muuzaji Mwislamu akionyeshe kabla hajaulizwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie vipando vyetu viwe vya kheri kwetu na kwa majirani zetu. Amin.