Mjomba Ubavuni

Kona ya kwanza ya kulia niliyoikata na pikipiki yangu ya magurudumu matatu niliimalizia shambani, katikati ya viazisukari vya mkulima mmoja nje kidogo ya Leipzig. Sikuwa mbio, kilomita 30 kwa saa labda. Kigari cha ubavuni kilikuwa kitupu. Nilipogeuza usukani, gurudumu lake likanyanyuka kutoka ardhini taratibu, kama mbwa anayetaka kukojoa. Nikashtuka, nikaunyoosha usukani, na chombo kikanitii: kikanyooka, kikavuka upande wa pili wa barabara, kikaingia mashambani. Bahati hakukuwa na gari lililokuwa likija.

Mzee aliyeniuzia alikuja kwa miguu. Hakucheka wala hakugomba. Aliizunguka pikipiki yake ya zamani, akaipapasa kama ng'ombe aliyeanguka, kisha akaniuliza, "Mchanga umeuweka wapi?" Mchanga gani? Ndipo nikafundishwa somo ambalo ningepaswa kufundishwa kabla ya kutoa pesa: kigari kisicho na abiria hutiwa gunia. Tangu siku ile nikawa natembea na kilo 40 za mchanga ubavuni mwangu, nazifunga mkanda wa kiti kama mgeni wa heshima.

Chombo chenyewe ni MZ ETZ 250, kilichoundwa Zschopau, mji mdogo wa Saxony, katika miaka ya 1980, nchi ile ilipokuwa bado Ujerumani Mashariki. Nguvu zake ni farasi 21 tu. Oili yake huchanganywa humohumo kwenye petroli, lita 10 kwa mililita 200, kwa hiyo nyuma yetu huacha moshi wa buluu na harufu inayowatoa machozi watu wa umri fulani. Sisemi kwa utani. Kila kituo cha mafuta hutokea mzee akaja kuweka mkono juu ya tangi na kunieleza kuwa baba yake alikuwa nayo kama hii. Enzi hizo mtu aliyetaka gari la Trabant alijiandikisha akasubiri zaidi ya miaka kumi, hivyo familia nyingi zilipanda hizi: baba mbele, mama nyuma yake, watoto wawili kigarini na mbwa miguuni mwao.

Wajerumani hukiita chombo kizima Gespann, neno lilelile la jozi ya wanyama waliofungwa kuvuta gari au jembe. Mtu wa pwani ataelewa haraka zaidi nikisema ni ngalawa yenye tengo upande mmoja. Pikipiki ya kawaida unailaza kwenye kona ikalala. Hii hailali hata ukiisihi. Kigari changu kiko kulia, kwa kuwa huku magari hupita kulia. Kwetu Zanzibar kingefungwa kushoto. Ukivuta mafuta, pikipiki inakimbilia mbele na kigari kinabaki nyuma, chombo kinavutika kulia. Ukiachia, kigari bado kina hamu ya safari, kinakusukuma kushoto. Basi mikono haipumziki. Baada ya kilomita mia moja mabega huuma kama ya mtu aliyesukuma mkokoteni wa saruji kutoka Darajani mpaka Mwanakwerekwe. Nilipoapa kuiuza, na niliapa mara nyingi mwaka wa kwanza, ilikuwa ni mabega yanayosema.

Miaka mitatu nikaishi hivyo, mimi na gunia langu. Halafu akaja Mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuja kumwona mwanangu aliyezaliwa. Ana miaka 62, na Kijerumani chake ni kizuri kuliko changu ingawa kimechacha kidogo, kina maneno ambayo vijana wa huku hawayatumii tena. Alisomea ufundi wa mitambo Karl-Marx-Stadt, mji ambao tangu 1990 umerudia jina lake la Chemnitz, kuanzia 1983 hadi 1986. Mimi mwenyewe nimekulia Kikwajuni, kwenye ghorofa zilizojengwa na Wajerumani Mashariki hao hao, kwa hiyo nyumbani kwetu Ujerumani haikuwa nchi ya mbali. Ilikuwa ngazi na kuta tulizokuwa tukichora kwa mkaa.

Siku ya pili alishuka uani, akaiona. Alinyamaza muda. Akazunguka, akachuchumaa, akagusa kabureta, akanusa vidole.

"Hii nilikuwa naiangalia dirishani," alisema. "Kila Jumapili. Posho yetu ilitosha viazi na santuri mbili tatu. Leo unayo wewe, na umeitia mchanga!"

Akalifungua gunia, akalitua chini, akaingia yeye. Kigari akakibatiza papo hapo: kihori. Na kweli, ukikitazama pale kilivyochongoka mbele, ni mtumbwi mdogo uliokosa maji.

Wazo la kwenda Mkutano wa Tembo lilikuwa langu, nami nililisema kwa mzaha. Huo ni mkusanyiko wa pikipiki unaofanyika kila mwaka katikati ya majira ya baridi, kwenye bonde la Loh karibu na kijiji cha Solla, ndani ya Msitu wa Bavaria. Watu hulala kwenye mahema juu ya theluji kwa hiari yao. Ulianza mwaka 1956 karibu na Stuttgart, pale mwandishi wa habari za pikipiki, Ernst Leverkus, alipowaita wenye Zündapp KS 601 waje na vigari vyao. Pikipiki hiyo, nzito na ya kijani, ilikuwa imepewa jina la utani la Tembo wa Kijani. Ndiyo asili ya tembo. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu: "Tunaondoka lini?"

Tuliondoka Alhamisi alfajiri, nyuzi 6 chini ya sifuri. Mama Mtoto alimfunga Mjomba blanketi mbili na turubai juu, mikononi chupa ya chai ya tangawizi, miguuni kikapu cha halua ya Wete aliyokuja nayo. Kilichobaki kuonekana ni helmeti na miwani. Nilipiga kiki mara tisa kabla injini haijakubali.

Kutoka Leipzig hadi Solla kuna barabara kuu ambayo gari huimaliza kwa saa nne. Sisi tulichukua njia za vijijini, siku mbili, mwendo usiozidi kilomita 70. Chemnitz Mjomba alitaka kuona kitu kimoja, kichwa cha Karl Marx cha shaba, urefu wa mita 7, ambacho hakuna aliyethubutu kukiondoa. Alikiamkia kwa kukipungia mkono. Bweni alilolala halipo tena, pamegeuka maegesho. Hakutaka tushuke.

Kwenye kona za kulia nikagundua kuwa miaka yote mitatu sikuwa nikiendesha, nilikuwa nikibeba mzigo. Gunia halijui kona. Mjomba alizijua kabla yangu. Kona ya kulia ikikaribia, naliona bega lake likitoka nje ya kihori, mwili wote ukining'inia juu ya theluji kama baharia anayezuia chombo kisiende mrama. Ya kushoto ikija, anaegemea kwangu. Hakuna aliyemfundisha. Nilipomuuliza tulipotua kunywa chai, alishangaa: "Yakhe, si niliwatazama miaka mitatu? Watoto wao walikuwa wakifanya hivyo."

Kati ya Plauen na Hof tuliiacha njia kidogo kupita Mödlareuth. Ni kijiji cha watu wapatao hamsini, katikati kina kijito ambacho mtoto angekiruka, na kijito hicho kilikuwa mpaka wa dunia mbili. Upande wa mashariki ulijengewa ukuta wa zege mwaka 1966. Wamarekani walikiita Berlin Ndogo. Kipande cha ukuta kimeachwa kwa makumbusho. Hadi leo nusu ya kijiji ni Thuringia na nusu ni Bavaria, na wanaamkiana kwa maneno tofauti. Mjomba hakushuka kigarini. Aliomba tu nivuke kijito, nirudi, nivuke tena. Mara ya tatu akasema, "Inatosha. Mwalimu wangu wa hesabu dada yake alikuwa upande huu." Tukaendelea hadi Hof bila neno.

Usiku wa kwanza tulilala Weiden, nyumba ya wageni, na hapo sina la kusimulia ila kwamba maji ya moto yaliniliza.

Siku ya pili ilikuwa ya vilima: Cham, Viechtach, Regen. Theluji ikaanza kuanguka. Pikipiki ya magurudumu mawili kwenye hali hiyo humtupa bwana wake mara moja. Sisi tulikuwa tukiteleza kwa adabu, upandeupande, kama kaa. Hiyo ndiyo sababu hasa vyombo hivi bado vinaishi katika nchi za baridi. Mtu huanguka kwa kukosa mguu wa tatu, na sisi tunao. Mara moja plagi ilikufa mlimani kwa masizi. Nilishuka kutafuta spana huku vidole havinisikii, Mjomba akatoa plagi mpya mfukoni mwa koti, kavu na yenye joto la mwili. Alikuwa akiiatamia tangu Leipzig.

Bonde la Loh wenyewe hulitania kwa jina la Chungu cha Wachawi. Unafika ukingoni, unatazama chini, unaona moshi wa mioto mia, mahema, marobota ya mabua wanayouza kwa wenye kulala, na pikipiki za kila umbo, nyingine zimesetiriwa ngozi za kondoo. Njia ya kushuka ilikuwa barafu tupu. Tulishuka kwa gia ya kwanza na dua. Kisha kulikuwa na mpando mfupi kuelekea mahali pa kupiga hema, na hapo tukakwama, gurudumu la nyuma linazunguka mahali pamoja. Akapita kando yetu jamaa mmoja kutoka Poland juu ya pikipiki ya Ural, polepole, anavuta sigara. Kwenye Ural nyingine gurudumu la kigari nalo huvutwa na injini, mtu anaunganisha kwa mkono tu. Kiwanda chake kilihamishwa kutoka Moscow mwaka 1941, majeshi ya Hitler yalipokaribia, kikapelekwa Irbit, nyuma ya milima ya Ural, kikaanzia kwenye jengo la kutengenezea bia. Na pikipiki yenyewe waliinakili kutoka BMW, ya hao hao waliokuwa wakiwakimbia. Jamaa alifunga kamba akatuvuta. Alikataa pesa, akakubali halua.

Halua ilikuwa imeganda. Kisu hakikuingia. Mwishowe tuliikata kwa msumeno wa chuma wa kwenye sanduku la spana la yule jamaa, vipande vikaruka kama vigae, na watu kumi hivi wasiotujua wakasimama kuizunguka, kila mmoja anatafuna kimya akijaribu kuelewa amekula nini. Tukapewa mahali karibu na moto. Mtu alikuwa na KS 601 ya kweli, ya kijani, na Mjomba aliisujudia karibu robo saa. Baadaye sufuria za mvinyo wa moto zikaanza kupita, na nyimbo, na sauti za injini zinazoungurumishwa bila sababu. Mjomba aliinua chai yake.

"Tembo wa pori sijamwona hata mmoja," alisema. "Lakini tembo la kunywa, wallahi, limefurika."

Nilijaribu kumtafsiria yule jamaa wa Poland. Haitafsiriki.

Jumamosi usiku hubebwa mienge kuwakumbuka waendeshaji waliokufa. Mjomba alibeba mmoja. Sijui alikuwa akimkumbuka nani, sikumuuliza. Kulipokucha kipimajoto cha jirani kilionyesha nyuzi 13 chini ya sifuri na ndevu zangu zilikuwa zimeshikana na mfuko wa kulalia.

Kurudi tulisimama Regen, kwenye maegesho makubwa yaliyofunikwa theluji, hakuna gari hata moja, Jumapili asubuhi kila mtu kanisani au kitandani. Mjomba alijifungua turubai akatoka. Akasimama mbele yangu na mkono umenyooshwa, kiganja juu, kama mtu anayedai chenji yake.

"Shuka, mwanangu."

Nikashuka. Palibaki mahali pamoja tu pa kukaa, na ndipo nilipotambua kwamba tangu niinunue sijawahi kukaa humo. Ni chini kuliko nilivyodhani. Magoti yanafika kifuani, sikio liko usawa wa injini, na ardhi inapita karibu kiasi kwamba ningeweza kuchota theluji. Usukani uko mbali, mikononi mwa mtu mwingine. Kiti kilikuwa bado na joto lake.

Alipiga kiki mara moja. Moja! Akazunguka uwanja kwa kushoto, taratibu, mara mbili, mgongo umenyooka kama afande kwenye gwaride. Mzunguko wa tatu akabadili upande, kulia, akaongeza mafuta. Nilihisi gurudumu chini yangu likiacha ardhi. Nikapiga kelele, "Mjomba, breki!"

"Breki ya nini?" alijibu bila kugeuka. "Toa bega, we gunia!"

Nikatoa bega.