Uvuli na Kivuli

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu tofauti ya maneno haya mawili, kama nilivyofunzwa nami katika chuo cha ualimu: kivuli ni umbo linalotokea pale kitu kinapozuia mwanga, uvuli ni mahali pa kupumzikia pasipofikiwa na jua. Wazungumzaji wengi husema kivuli kwa yote mawili, nami nilikuwa nikiwasahihisha kwa wino mwekundu.

Nilipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo changu niliitandaza uani. Niliukata mwarobaini alioupanda mke wangu, nikaweka vitofali vya saruji, vile viitwavyo pevingi, ukuta hadi ukuta. Nilitaka ua usio na vumbi wala matope. Mke wangu akautazama, akasema, "Baba Neema, ua umependeza. Sasa mboga nitachambulia wapi?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuja Februari. Saruji hufyonza joto mchana kutwa, na usiku huturudishia. Mti hunyonya maji ardhini, ukayatoa majanini yakiwa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Nilikuwa nimeondoa kipoza hewa, nikaweka ghala la joto. Masika yalipofika, maji yaliyokosa udongo wa kuyanywa yakaelekea barazani kwa jirani. Hakulalamika, alitoka na ufagio tu, akaniamkia.

Baadaye nilisoma kwamba huko Uholanzi watu hushindana kung'oa vigae na kupanda mimea mahali pake. Rotterdam na Amsterdam zilichuana mwaka 2020, na mwaka uliofuata shindano likawa la taifa zima. Nikajiuliza: ikiwa nchi ya baridi inafanya hivyo, sisi wa Dar es Salaam twangoja nini?

Mwezi uliopita nilishika mtaimbo. Nimeng'oa vitofali tisini na sita, nikapanda mwarobaini mwingine. Mke wangu huumwagilia maji aliyooshea mchele, wala hajanikumbusha neno lolote.

Malenga wenzangu, siku hizi nakaa uani nikiutazama mche ule, nao haujafika hata magotini. Nina miaka sitini na saba. Huenda watakaoufaidi ni wajukuu. Kivuli unacho tayari, chembamba kama kalamu. Uvuli bado, na mboga zingali zinachambuliwa jikoni.