Karatasi Nyembamba ya Kabureta

Katika nyumba nyingi za siku hizi imo injini ndogo ya petroli. Mmoja anayo ya kuvutia maji shambani, mwingine ya kuwashia taa, mwingine ya kusagia nafaka. Twaitia mafuta, twaifuta vumbi, lakini ndani yake kimo kitu ambacho wengi hawakitazami kamwe, maana ni kipande cha karatasi tu, nacho chaitwa gasketi. Napenda kueleza kazi yake, na jinsi mtu awezavyo kuikata nyumbani kwake, na tena ni wapi asithubutu kuikata. Kazi hii nimeifanya miaka mingi kwa pampu yangu na kwa pampu za jirani, nami naona ni elimu iwafaayo watu wote wa nyumbani, wake kwa waume.

Kwanza tujue kabureta ni nini. Kabureta ni mpishi wa injini. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo, kisha injini huvuta mchanganyiko huo na kuuchoma. Kipimo chenyewe ni ratili moja ya petroli kwa ratili 15 za hewa, au karibu na hapo. Mafundi wa Ulaya walikuwa wakitafuta njia ya kupata kipimo hiki tangu zamani, na mwaka 1893 Donát Bánki na János Csonka wa Budapest waliomba hati ya kabureta yao. Na kazi waliyoikusudia ndiyo ile ile inayofanywa na kabureta ya pampu zetu.

Basi kila mpishi ajua ya kuwa maji yakizidi, uji huwa mwepesi, hauna nguvu. Ndivyo ilivyo kwa injini. Kabureta imefungwa kwenye injini kwa bolti mbili, na kati ya chuma na chuma hutiwa gasketi ili hewa isipenye. Gasketi ikipasuka, injini huvuta hewa ya wizi, hewa isiyopita kwa mpishi. Hapo chakula huwa chepesi. Dalili zake ni hizi: sauti hupanda na kushuka bila kutulia, kama mtu apitaye vilima na mabonde, injini hukubali kwenda choki ikiwa imefungwa tu, nayo ikifunguliwa huzimika, tena hupata joto kuliko desturi, na ikipewa mzigo hufa.

Mwaka 2019, wakati wa kiangazi, kina mama 11 wa kijijini kwetu huku milimani Usambara walikuwa na bustani ya kabichi na nyanya kando ya kijito. Pampu yao ikashikwa na ugonjwa huu. Fundi mmoja aliitazama, akasema kabureta imekufa, wanunue mpya. Fedha waliyokuwa nayo ilikuwa ya karo za watoto, na kabichi zilikuwa zimeanza kufunga. Siku chache bila maji, na kazi ya miezi ingepotea. Mkubwa wao akaja kwangu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Bustani yaendeleaje?”

“Bustani yakauka, Mwalimu. Twashauriana tununue kabureta au tuwalipie watoto. Vyote viwili hatuwezi.”

Nilipoifungua pampu nikaona gasketi ya upande wa injini imekatika pembeni, na mstari mweusi wa masizi umepita hapo. Kabureta yenyewe ilikuwa nzima. Nikakata karatasi mpya mbele ya kina mama wote, wakitazama kwa macho yao, na kabla ya magharibi maji yakapanda shambani. Watoto wakalipiwa karo. Tangu siku hiyo wawili kati yao hukata gasketi wenyewe, wala hawaniiti tena.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe kwa utaratibu.

Injini iwe imepoa kabisa, nawe uwe nje penye upepo, mbali na jiko, taa ya moto na sigara. Maana mvuke wa petroli hutambaa chini mbali sana hata ukutane na moto. Funga bomba la petroli, ukatoe petroli iliyomo katika bakuli la kabureta, uitie ndani ya chombo chenye kifuniko. Kabla ya kufungua lo lote, tazama vizuri au piga picha kwa simu, ujue kila springi na kila kijiti kimeshikwa tundu gani. Kisha fungua nati mbili. Katika injini kama Honda GX160, na nyingi zilizoigwa kwake, spana ya 10 yatosha.

Utaona kati ya kabureta na injini pana kipande cheusi kigumu, na gasketi kila upande wake. Kipande hicho huzuia joto la injini lisifike kwenye kabureta, petroli isije ikachemka. Kisitupwe, wala kisigeuzwe.

Banua gasketi ya kale polepole, ipate kutoka nzima, maana ndiyo mwalimu wako. Mabaki yaondoe kwa kijiti cha mti kilichochongwa. Usitumie patasi, kwa kuwa alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja hufungua njia mpya ya hewa. Kama injini ni ya zamani sana, lowanisha mabaki kwanza wala usiyasugue makavu, maana gasketi nyingine za kale zilitiwa asibesto, na vumbi lake hudhuru mapafu.

Nunua karatasi ya gasketi katika duka la vipuri, yenye unene kama wa ile ya kale. Nusu milimita hufaa mara nyingi. Weka ya kale juu yake uichore kwa kalamu. Kama imeharibika, paka mafuta kidogo kwenye uso wa kabureta, ukandamize karatasi hapo, nayo itachukua alama. Wengine hugongagonga kwa nyundo juu ya chuma mpaka karatasi ikatike. Njia hiyo huumiza kingo za alumini.

Toboa matundu kwanza, ndipo ukate ukingo wa nje. Kwa matundu, noa mdomo wa kipande cha bomba la chuma, uweke karatasi juu ya gogo, upige pigo moja. Tundu la bolti liwe kubwa kidogo kuliko bolti. Tundu la kati lisiwe dogo kuliko njia ya hewa, wala nyuzi zisining'inie ndani. Na kila kijitundu kilichomo katika gasketi ya kale kiwemo katika mpya, hata kile kidogo kama punje ya mtama, kwa maana hakikuwekwa bure.

Ukirudisha, kaza nati hii kidogo na ile kidogo, kwa zamu, mpaka zishike. Usikaze kwa hasira. Uso ukipinda, gasketi haina kosa. Washa injini. Sauti ikitulia na choki iko wazi, kazi imekwisha. Ikiwa bado yayumba, tazama kijitundu cha petroli ndani ya kabureta, pengine kimezibwa na taka.

Sasa maonyo. Boksi la majani ya chai au la sabuni laweza kukatwa likakufikisha jioni, lakini halidumu; libadilishwe upesi upatapo karatasi ya kweli. Gundi ya silikoni ya kawaida isitumike hapa kamwe, maana petroli huivimbisha, vipande vyake vikakatika na kuziba njia. Ule mpira wa duara wa bakuli la kabureta usikatiwe karatasi. Hukaa karibu na petroli daima, na ukivuja ni moto nyumbani. Ununue. Kadhalika kiwambo cha mpira katika kabureta ya msumeno wa injini: hicho hucheza kama ngozi ya ngoma, wala mkasi hauwezi kukitengeneza.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni mwembamba kama unywele, na ukuta ni bei ya kabureta nzima. Basi wazazi na walimu, ikateni kazi hii mbele ya watoto, wavulana na wasichana, nao waikate mbele yenu. Kisha kateni gasketi mbili zaidi, mziweke katika kopo kavu pamoja na ile ya kale, na juu ya kopo mwandike jina la injini, ili atakayeifungua siku nyingine aanze na kipimo cha kweli.